Ekografi bila kuumwa: wakati gani inasaidia, wakati gani inakula tu pesa ya familia

Siku hizi, kusini mwa Maniema, ekografi si neno la madokta peke yao. Mama mwenye mimba anaulizwa na mama mkwe kama ameisha kufanya “eko”. Baba mwenye tumbo la kujaa gesi anataka waangalie ndani. Na wako wengine, wazima kabisa, wanaosema: afadhali kupimwa mwili mzima sasa, ugonjwa uonekane mapema, kuliko kungojea mpaka kulala kitandani.

Wazo hilo si baya. Lakini kwa familia inayouza mbuzi ao gunia la mpunga ili kupata franka za kipimo, kuna swali la kujiuliza mbele ya kulipa: kipimo hiki kitabadilisha nini? Kuna watu ambao ekografi bila kuumwa inawafaa sana. Kuna wengine inawaachia tu woga na deni. Na jambo ambalo wengi hawalijui: moja ya masomo makubwa ya dunia juu ya swali hili lilitoka hapa hapa Kasongo.

Mashini inafanya nini

Ekografi haitumii mionzi kama radio ya mapafu. Inatumia sauti ambayo sikio la mtu haliwezi kusikia. Muuguzi ao dokta anapaka mafuta baridi kwenye tumbo, anaweka kifaa kidogo, sauti inaingia mwilini, inagonga ini, figo ao mtoto, halafu inarudi. Mashini inageuza ile sauti iliyorudi kuwa picha.

Wazo hilo lilitoka kwenye kazi ya chuma. Katika miaka ya 1950, dokta Ian Donald wa Glasgow, kule Scotland, alijaribu mashini ambayo mafundi walikuwa wanatumia kutafuta nyufa ndani ya vyuma. Mwaka 1958, yeye na wenzake John MacVicar na Tom Brown walitangaza picha za tumbo. Mmoja wa wagonjwa wao alikuwa mwanamke aliyeambiwa kwamba ana kansa isiyo na dawa. Mashini ilionyesha ni mfuko mkubwa wa maji kwenye ovari, wakamfanyia operesheni, wakautoa.

Tangu wakati huo, kwa zaidi ya miaka 60, haijaonekana kwamba kipimo hicho, kikifanywa na mtu anayejua kazi na kwa sababu ya kiafya, kinaharibu mtoto tumboni. Kwa hiyo mama asiogope sauti ya mashini. Cha kuangalia ni mkono na macho ya yule anayeishika. Picha ya ekografi haijisomi yenyewe. Mtu aliyezoezwa vizuri na mtu aliyezoezwa siku mbili wanaweza kuangalia tumbo moja na kusema mambo mawili tofauti.

Mwenye mimba: mara moja, mbele ya wiki 24

Kwa mama mwenye mimba, jibu liko wazi. Tangu 2016, Shirika la Afya Duniani, OMS, linashauri kila mama apate ekografi moja mbele ya wiki 24 za mimba, hata kama hasikii maumivu yoyote. Hiyo ni mbele ya kumaliza mwezi wa sita. Shirika hilo linashauri pia mama aonane na wauguzi mara 8 wakati wa mimba, ya kwanza ikiwa ndani ya miezi 3 ya mwanzo.

Kwa nini mapema? Sababu ya kwanza ni tarehe. Wamama wengi hawakumbuki siku ya mwisho ya damu ya mwezi, ao walishika mimba wakiwa bado wananyonyesha. Mtoto akiwa mdogo, mashini inahesabu umri wake kwa kukosea siku chache tu. Lakini mama akienda mara ya kwanza katika mwezi wa nane, mashini inaweza kukosea hata wiki 3. Tarehe mbaya inaleta shida: mtoto aliyezaliwa mbele ya wakati anachukuliwa kama amekomaa, ao mama anaambiwa amepita siku kumbe bado.

Sababu ya pili ni mapacha. Mama mwenye mapacha anatakiwa kujua mapema, apange kuzalia mahali wanapoweza kumsaidia. Sababu ya tatu ni mimba iliyoshika nje ya mfuko wa uzazi. Hiyo inaweza kupasuka katika miezi ya kwanza na kumwua mama kwa damu inayotokea ndani. Mama mwenye mimba changa anayesikia maumivu makali upande mmoja wa tumbo, na kuona damu ao kizunguzungu, asingojee siku ya CPN.

Ekografi inaonyesha pia mahali kondo la nyuma lilipokaa. Hapa watu wengi wanaogopa bure. Kondo lililo chini katika mwezi wa tano, mara nyingi linapanda juu kadiri mfuko wa uzazi unavyokua. Mama akiambiwa hivyo, anatakiwa kuangaliwa tena karibu na mwezi wa nane. Kondo likibaki limeziba njia, kuzalia nyumbani ni hatari ya kifo, na hata kituo kidogo cha afya hakitoshi. Anatakiwa kukaa karibu na hospitali yenye chumba cha operesheni na damu.

Kujua kama ni mvulana ao msichana si sababu ya kiafya ya kulipa. Makuta yakiwa kidogo, ekografi ya mwezi wa tano inafaa kuliko ile ya mwezi wa tisa ya kutafuta rangi ya nguo za mtoto.

Kile Kasongo ilichofundisha dunia

Tangu mwanzo wa miaka ya 1970, wakati nchi ilikuwa inaitwa Zaire, wafanyakazi wa afya wa Kasongo walifanya kazi pamoja na Chuo cha Magonjwa ya Tropiki cha Antwerp, Ubelgiji. Walijenga mpango ambao wataalamu wengi duniani wanaujua kwa jina la Mradi wa Kasongo: vituo vidogo vya afya karibu na watu, na hospitali moja ya kupokea wagonjwa wazito.

Moja ya maswali yao lilikuwa hili: tunaweza kujua mapema, wakati wa CPN, ni mama gani mtoto atakwama wakati wa kuzaa? Kama tunaweza, tumutume hospitali mapema. Maana mtoto akikwama siku nzima ao mbili, mtoto anaweza kufa, mfuko wa uzazi unaweza kupasuka, ao mama anabaki na fistula, mkojo unatoka bila kuzuilika. Walifuata wanawake zaidi ya 3000. Hawakuwa na ekografi kwa kazi hiyo. Walitumia alama nyepesi ambazo muuguzi wa kijiji anaweza kuziona, kama vile mama aliyekwisha kupata shida kubwa kwenye uzazi uliotangulia.

Matokeo yaliandikwa mwaka 1984, na mpaka leo wataalamu wa uzazi wanayataja. Kwa ile alama ya uzazi mbaya uliotangulia, hesabu ilikuwa hivi. Katika kila wamama 100 ambao mtoto alikwama, 71 hawakuwa wamewekewa alama yoyote ya hatari. Walionekana wazima. Na katika kila wamama 100 waliowekewa alama ya hatari, 90 walizaa bila mtoto kukwama.

Maana yake si kwamba kupima hakuna faida. Mama mwenye alama ya hatari alikuwa kweli na hatari zaidi kuliko wengine. Maana yake ni kwamba hatari kubwa ya uzazi inawafikia hata wale walioambiwa “uko muzuri”. Kwa hiyo zone ya afya haiwezi kusema: tumekwisha kuchagua wale wa kwenda hospitali, wengine wabaki. Kila mama anatakiwa kuwa na njia ya kufika mahali pa operesheni, hata yule ambaye fishi yake haina alama nyekundu.

Mashini ikaja, je, jibu lilibadilika?

Mtu anaweza kusema: hiyo ni zamani, sasa tuko na mashini. Jibu la swali hilo lilitafutwa pia, na nchi yetu ilikuwemo. Utafiti mkubwa uliotangazwa mwaka 2018 ulifanyika katika nchi 5: Kongo, upande wa Equateur, Kenya, Zambia, Pakistan na Guatemala. Ulihusu zaidi ya wanawake 40,000 wenye mimba. Wauguzi na wakunga walizoezwa kutumia ekografi, na katika maeneo yaliyochaguliwa mama alipimwa mara 2, katikati ya mimba na karibu na mwisho. Katika maeneo mengine mambo yalibaki kama kawaida.

Ekografi zilifanyika vizuri. Lakini mwishoni, vifo vya mama na vya watoto havikupungua katika maeneo yenye ekografi kuliko yale yasiyo nayo. Wala idadi ya wamama wenye shida waliofika kuzalia hospitali haikuongezeka.

Mtu wa Kabambare hatashangaa sana. Mashini inaweza kusema mtoto amelala vibaya. Lakini haitengenezi barabara, haivushi mama Luama wakati wa mvua, haijazi essence kwenye pikipiki, haiweki damu kwenye friji ya hospitali. Na hatari nyingine inayoua wamama kuliko zote, kutokwa damu nyingi nyuma ya kuzaa, haionekani kwenye picha ya mwezi wa saba. Inakuja pale pale, nyuma ya mtoto kutoka, hata kwa mama ambaye picha zake zote zilikuwa safi.

Ndiyo maana ekografi nzuri inaweza hata kuleta hatari kama familia inaielewa vibaya. “Wamesema mtoto amekaa vizuri, tubaki tu nyumbani.” Maneno hayo yamejibu swali la siku ile ya kipimo. Hayajajibu swali la siku ya uchungu.

“Nipimwe mwili mzima”

Sasa tuje kwa wale wasio na mimba na wasio na ugonjwa wanaoujua. Mtu amepata kidogo kwenye biashara ao kwenye zahabu ya Salamabila, anataka kulipa ekografi ya tumbo, ya shingo, ya kila kitu, ili ugonjwa uonekane mapema. Je, anayegundua mapema hashindi siku zote?

Nchi ya Korea Kusini ilijaribu jambo hilo bila kukusudia. Karibu na mwaka 2000, hospitali nyingi zilianza kuongeza ekografi ya shingo kwa watu wazima wasio na ugonjwa, kwa bei ndogo. Walikuwa wanatafuta kansa ya tezi ya shingoni, ile inayoitwa tiroidi. Mwaka 2011, watu walioambiwa wana kansa hiyo walikuwa wengi mara 15 kuliko mwaka 1993. Lakini idadi ya waliokufa nayo ilibaki pale pale.

Maana yake nini? Zile kansa nyingi zilikuwa ndogo sana, za kulala, ambazo zisingemwua mtu. Watu wengi wanazeeka nazo na kufa na jambo lingine bila kujua. Lakini karibu wote walioambiwa walifanyiwa operesheni. Wengi wanameza dawa kila siku mpaka kufa, na wengine waliharibika sauti. Mwaka 2014 madokta wa kule wenyewe walisimama na kusema: tuache kupima shingo za watu wazima wasio na shida. Operesheni zikapungua haraka.

Mtu wa Kasongo afikirie dawa ya kila siku, kwa maisha yote, dawa ambayo inatakiwa kutoka Kindu, Bukavu ao Goma. Kwa sababu ya kivimbe ambacho hakingemfanya kitu.

Kwa mtu asiye na dalili, ekografi ya tumbo inaonyesha pia vitu vingi vya bure: kifuko cha maji kwenye figo, alama ndogo kwenye ini, fibrome ndogo kwenye mfuko wa uzazi. Mara nyingi havina ubaya. Lakini vikishaandikwa kwenye kartasi, usingizi unakwisha, na kipimo kimoja kinaita kingine.

Kuna mahali ambapo kupima watu wazima bila dalili kumeonekana kuokoa. Kule Uingereza, kila mwanaume anapofika miaka 65 anaitwa mara moja, wanaangalia kwa ekografi kama mshipa mkubwa wa damu wa tumbo umevimba. Inafaa kwa sababu wanajua nani yuko hatarini, kipimo ni cha dakika chache, na hospitali ya kutengeneza mshipa ipo. Mambo hayo matatu ndiyo ya kuangalia pote: mtu wa hatari anajulikana, kipimo ni cha kuaminika, na matunzo yanapatikana nyuma yake.

Nani kwetu ana sababu, hata akiwa anasimama

Wako watu wa Maniema ambao wanaweza kujisikia vizuri na bado ekografi ikawa na maana.

Wa kwanza ni wale waliougua bilharzia kwa muda mrefu. Mkoa huu unaijua: wataalamu waliisoma tangu zamani katika miji ya migodi upande wa Kalima, ile inayoshika matumbo na ini. Ikidumu miaka, inakausha ini, bandama inavimba, na siku moja mtu anatapika damu. Ekografi inaonyesha ini limefika wapi. Lakini kumbuka mpangilio: kwanza kupima choo na kumeza dawa, praziquantel, ambayo ni ya bei ndogo. Ekografi inakuja nyuma.

Wa pili ni wale waliopimwa damu wakaonekana na hepatitis B ya kudumu. Kwa baadhi yao, hasa wenye ini lililokwisha kuharibika ao ndugu aliyekufa na kansa ya ini, madokta wanashauri ekografi kila miezi 6.

Na yeyote mwenye dalili si mtu wa “kujikinga” tena, ni mgonjwa. Tumbo linalovimba, damu ya mwezi isiyokatika, maumivu chini ya mbavu za kulia yanayorudi, mkojo wenye damu: hapo kuna swali, na ekografi inaweza kulijibu.

Vipimo vya bei ndogo ambavyo ekografi haichukui nafasi yake

Ekografi haioni tansiyo. Haioni sukari. Haioni upungufu wa damu, malaria, wala virusi vya UKIMWI. Haioni kansa ya mlango wa uzazi ikiwa bado changa. Mtu anaweza kulipa ekografi ya mwili mzima leo, na kesho akaanguka na tansiyo ambayo haikupimwa.

Kwa mtu mzima wa miaka 40 na zaidi asiye na dalili, kupima tansiyo na sukari kunafaa kuliko picha ya tumbo. Kwa mama, kipimo cha mlango wa uzazi kwa siki kinafanywa kwa macho, bila mashini. Kwa mwenye mimba, tansiyo na mkojo kila CPN ndivyo vinavyoonyesha hatari ya kifafa cha mimba. Mama aliyefanya ekografi mbili lakini hakuwekewa kifaa cha tansiyo mkononi hata mara moja, hajapimwa vizuri.

Maswali matano mbele ya kulipa

Mtu asione haya kuuliza. Ni pesa yake na mwili wake.

1. Tunatafuta nini? Kama jibu ni “tuangalie tu kila kitu”, afikirie mara mbili.

2. Mkiona kitu, kitafanyika nini, na wapi? Kama matunzo yako mbali, familia ijue mapema.

3. Nani atashika mashini, na alijifunza wapi?

4. Bei ni ngapi kwa jumla, pamoja na kartasi ya matokeo? Bei isemwe mbele, si nyuma.

5. Nitapata matokeo kwa maandishi? Picha peke yake bila maneno haitoshi. Kartasi hiyo iwekwe pamoja na fishi ya CPN, maana siku ya shida ndiyo dokta wa hospitali atakayoiuliza.

Baba na mama wapange pamoja

Kwa mimba, familia yenye pesa kidogo inaweza kugawa hivi: ekografi moja karibu na mwezi wa tano, halafu pesa zinazobaki zisiende kwa ekografi ya pili na ya tatu bila sababu. Ziwekwe kwa siku ya kuzaa. Nani mwenye pikipiki, na nambari yake ni ipi? Usiku itakuwaje? Ndugu gani wawili wanaweza kutoa damu? Nani atabaki na watoto? Kwa anayekaa mbali, upande wa Wamaza, Samba ao ng'ambo ya mto, ni ndugu gani wa mjini anaweza kumpokea wiki za mwisho?

Na mama yeyote, hata yule aliyeambiwa mtoto amekaa vizuri, aende hospitali bila kungojea akiona moja ya haya: damu, maji kutoka mbele ya wakati, kichwa kuuma sana pamoja na macho kuona giza, degedege, homa kali, mtoto kutocheza, ao uchungu uliopita saa 12 bila mtoto kuzaliwa. Siku hiyo hakuna haja ya kupita kwanza kutafuta ekografi. Pesa ile ni ya pikipiki.